Mitamba Wawili na Riwaya Moja

Kijana huyu simpi jina. Ni mtu wa hadithi, nimemjenga kutokana na vijana wengi walionipa miswada yao niisome, na nimemweka Nyambureti, Wilaya ya Serengeti, kwa sababu mambo yake yanaeleweka vizuri zaidi mkoani Mara: ng'ombe wa mahari, wazee wa ukoo, msiba unaokusanya vijiji vitatu, barabara ya vumbi ya kwenda Mugumu. Vitabu na waandishi ninaowataja njiani ni wa kweli.

Alikuwa na kipaji. Asiye na kipaji akishindwa hatuna cha kusimulia. Inauma pale anaposhindwa mwenye nacho. Akiwa darasa la tano, insha zake zilisomwa mbele ya darasa la saba. Alipomaliza kidato cha nne matokeo hayakumpeleka mbele, akarudi nyumbani, akawa analima, anachunga, na kuandikia watu: barua za kuomba kazi, maombi ya mkopo ya kikundi cha akina mama, risala ya kusomwa mbele ya mgeni rasmi. Zaidi ya yote aliandika wasifu wa marehemu.

Karatasi ile kila mtu anaijua. Husomwa kabla mwili haujapelekwa kaburini: alizaliwa lini, alisoma wapi, alioa au kuolewa na nani, aliacha watoto wangapi, aliugua nini. Mara nyingi watu huisikiliza kwa adabu tu, macho yako kwingine. Alipoandika yeye, waliokaa mbali chini ya miti walisogeza viti.

Jioni ya kwanza ya msiba alikuwa anakwenda na daftari. Anaanzia kwa wanawake wanaopika, kisha anahamia kwa wazee wanaoota moto. Hakuuliza habari kubwa. Alipofariki bibi mmoja mjane, aliuliza bibi alikuwa anapenda kukaa upande gani wa nyumba asubuhi, akitaka maji alikuwa anamwita nani, akikasirika alikuwa anasema neno gani. Usiku akaandika. Alfajiri, kabla watu hawajajaa, akawakalisha ndugu wanne wa marehemu kwenye benchi akawasomea.

Kazi yenyewe ilifanyika pale kwenye benchi. Alikuwa ameandika kwamba marehemu alijaliwa watoto saba. Shangazi mkubwa akamkatiza: "Tisa. Wawili aliwazika mwenyewe kabla wewe hujazaliwa. Waandike." Akaandika. Alikuwa ameandika kwamba bibi alilazwa Musoma. Mtoto wake wa kiume akasema hapana, ilikuwa Shirati, na mpaka barabarani walimbeba kwa baiskeli. Akaandika na baiskeli. Kisha akafika kwenye sentensi iliyosema marehemu alikuwa mkarimu kwa watu wote, na mkwe mtu akaguna: "Watu wote? Mimi mwaka wangu wa kwanza hapa alininyima chumvi." Benchi zima likacheka. Kijana akamwomba ruhusa, akafuta ukarimu, akaweka chumvi, na jinsi mwaka wa pili bibi huyohuyo alivyomkabidhi mkwe funguo za ghala. Mchana, ilipofika sehemu ya chumvi, watu walicheka huku wanalia.

Sijaona uhariri bora kuliko ule. Kulikuwa na mwandishi aliyekwenda kutafuta, wasomaji wanaolijua jambo kuliko yeye, na kalamu iliyokuwa tayari kufuta. Mtu anaweza kulipia semina za uandishi Dar es Salaam miaka miwili asipate zaidi ya hapo.

Yeye hakuona hivyo. Wasifu wa marehemu kwake ulikuwa msaada wa ujirani. Mwandishi, kwa fikra zake, ni mtu mwenye kitabu chenye jalada, na kitabu ni riwaya, na riwaya ni mpelelezi mwenye bastola.

Simlaumu kwa kupenda wapelelezi. Alikulia na vitabu vilivyochakaa vya Elvis Musiba na Willy Gamba wake, na vya Ben Mtobwa, vikipita mkono kwa mkono mpaka kurasa za mwisho zikadondoka. Riwaya ya upelelezi kwa Kiswahili ina heshima yake. Muhammed Said Abdulla alipomtoa Bwana Msa kwa mara ya kwanza katika "Mzimu wa Watu wa Kale" mwaka 1960, na Faraji Katalambulla alipotoa "Simu ya Kifo" mwaka 1965, walifungua mlango ambao wengi walipita. Lakini Abdulla alikuwa Mzanzibari, mhariri wa gazeti la Mkulima, na Unguja ya Bwana Msa ni kisiwa alichokitembea kwa miguu yake. Kijana wetu alikuwa amefika Mwanza, basi. Akaiweka riwaya yake Dar es Salaam, mwaka 1985, kwenye hoteli, bandarini na Kigamboni.

Aliiandika kiangazi kimoja, mavuno yakiwa ghalani, kwenye madaftari ya kaunta matatu. Hakumsomea mtu hata ukurasa. Alipomaliza akaipeleka kwa mwalimu mstaafu wa Kiswahili aliyemfundisha shule ya msingi. Nia yake, nadhani, ilikuwa kusifiwa. Riwaya ilianza hivi:

"Ilikuwa ni usiku wa manane wenye giza totoro la kutisha mno, huku mvua kubwa ya kutisha ikinyesha kwa kasi ya ajabu, ndipo mpelelezi hatari alipoteremka kutoka katika gari lake la kifahari mbele ya hoteli ya kifahari, akawasha sigara yake, akaitazama hoteli ile kwa macho makali yasiyo na huruma."

Mwalimu alimpokea barazani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mura. Kaa. Sura ya kwanza nimeisoma mara mbili."

"Umeionaje, Mwalimu?"

"Huyu mtu kashuka garini mvua kubwa inanyesha. Kalowa?"

Kijana akanyamaza.

"Wewe ukikutwa na mvua kubwa njiani unafanyaje?"

"Nakimbilia penye baraza."

"Na sigara?"

"Itazimika."

"Wa kwako kasimama ukurasa mzima anatazama hoteli, na sigara inawaka. Mvua umeiandika, lakini haijanyesha."

Kijana alijibu kwamba riwaya ni ubunifu. Mwalimu alikubali kabisa, akamwambia abuni atakavyo, ila abuni mvua inayolowesha. Halafu akamwomba mambo mawili. La kwanza, amwachie madaftari mwezi mmoja, na katika mwezi huo kijana asiyaguse, akirudi asome kwa sauti sura mbili kila jioni, wote wawili wakisikiliza. La pili, ampe asome shemeji yake, dereva wa lori aliyeendesha kati ya Mwanza na Dar es Salaam miaka mingi.

Lile la pili ndilo lililomchoma. Dereva wa lori amsahihishe mwandishi? Kumbe kwenye benchi la msiba aliwahi kusahihishwa na mkwe mtu kwa habari ya chumvi, na hakuona aibu. Tofauti ni kwamba pale hakuwa na cheo cha kulinda. Nimeliona jambo hili kwa vijana wengi: siku mtu anapojipa jina la mwandishi, ndiyo siku anayoacha kuuliza. Masikio yanaziba kwa heshima mpya ambayo hakuna aliyempa.

Mwalimu hakukata tamaa mara moja. Alimtolea mfano wa mtu wa mkoa wao, Mwalimu Nyerere wa Butiama. Mwaka 1963, hata mwaka mmoja haujaisha tangu awe Rais, Nyerere alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar. Kitabu kilitoka kwa mchapishaji mkubwa, na nani angethubutu kumwambia Rais kwamba Kiswahili chake kinahitaji kupigwa msasa? Angeweza kukiacha. Januari 1964 jeshi likaasi. Aprili ukaja Muungano na Zanzibar. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, na mwezi uliofuata Elimu ya Kujitegemea. Katikati ya yote hayo, mtu huyu alirudi kwenye kitabu chake kilichokwisha kuchapwa na kusomwa, akakipitia upya, na mwaka 1969 kikatoka tena kikiwa kimerekebishwa, kwa jina la "Juliasi Kaizari". Mwaka huohuo akatoa "Mabepari wa Venisi". Rais mwenye nchi changa mikononi alipata muda wa kurudia mistari yake. Kijana aliyekuwa na kiangazi kizima cha kuandika alikosa mwezi.

Alikuwa na sababu ya haraka. Mchapaji mmoja mjini alikuwa amempa bei ya nakala 500, na bei ile, aliambiwa, ingekwisha mwisho wa mwezi. Hapa nitasimama kidogo, kwa sababu vijana wengi wanaumia hapahapa bila kujua. Mchapaji ni mtu wa mashine. Unamletea karatasi na fedha, anakurudishia vitabu, na makosa yako anakuchapia yote kwa uaminifu. Mchapishaji ni mwingine: anausoma mswada, anaweza kuukataa, akiukubali anaweka mhariri, analipia uchapaji kwa fedha yake, anatafuta soko, na wewe anakulipa mrabaha kwa kila nakala inayouzwa. Wa kwanza anakupokea siku yoyote na wa pili anakuchelewesha. Usimchukie wa pili kwa hilo. Kuchelewa kwake ndiyo kazi yake. Na wapo wanaochapa kwa fedha zao wakafanya vizuri, sikatai. Ila hao huwa wameshamlipa mhariri kabla ya kumlipa mwenye mashine.

Fedha hakuwa nayo. Nyumbani kulikuwa na ng'ombe walioingia kwa mahari ya dada yake, na kwa makubaliano ya ukoo wale walikuwa wa kumwozea mdogo wake mke. Kijana akakaa na baba yake, akampigia hesabu kwenye karatasi: nakala 500, kila moja 5,000, jumla 2,500,000. Mzee ambaye hajawahi kuuza kitabu ataibishiaje karatasi ya mtoto msomi? Mitamba wawili walipelekwa mnadani. Mama yake alisimama mlangoni mpaka walipopotelea kwenye vumbi, na neno alilosema lilikuwa moja tu: yule wa mabaka alikuwa na mimba.

Maboksi yalikuja kwa basi. Jalada lilikuwa na bastola na mwanamke ambaye ndani ya riwaya hayumo. Wiki ya kwanza nakala zilinunuliwa na walimu, diwani, ndugu, na majirani aliowahi kuwaandikia wasifu wa watu wao. Walinunua kwa shukrani. Nina hakika wengi hawakufika ukurasa wa kumi.

Aliyesoma mpaka mwisho ni shemeji dereva, yuleyule aliyenyimwa mswada. Alinunua nakala yake kwa fedha, akaisoma safarini, na aliporudi akaja nayo imekunjwa pembe za kurasa nyingi. Alikuja kwa upendo. Ukurasa wa 23 mpelelezi anavuka kwenda Kigamboni kwa gari juu ya daraja, mwaka 1985. Daraja la Kigamboni lilizinduliwa Aprili 2016. Kabla ya hapo watu wa eneo lile walivuka kwa pantoni, na dereva mwenyewe alishawahi kulala kwenye foleni yake. Ukurasa wa 40 jambazi anatoa simu mfukoni. Bwana Kasimu wa sura ya pili anaitwa Hashimu sura ya sita. Na mlinzi wa hoteli, aliyezikwa sura ya tatu, sura ya tisa anafungua geti.

"Shemeji," dereva akamwambia, "mimi nilifikiri labda nimeruka ukurasa."

Mambo yote yale yangepatikana kwa jioni tano za kusoma kwa sauti. Daraja lingekamatwa na dereva kabla hajamaliza chai. Jina la Kasimu lingekamatwa na Mwalimu. Mfu anayefungua geti angekamatwa na mtoto yeyote wa darasa la nne aliyekaa pembeni akisikiliza, maana watoto hawasahau nani kafa katika hadithi.

Baada ya hapo mambo yalifungwa moja baada ya jingine. Shule za jirani hazikuweza kununua, kwa sababu kitabu cha kufundishia kinahitaji ithibati. Duka moja la vitabu lilitaka namba ya ISBN, nayo hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Kijana hakuwahi kuisikia na mchapaji hakumwambia. Mvua za masika zilipoingia, mchwa walianza na boksi la chini. Wakati wa kumwozea mdogo wake ulipofika, ng'ombe hawakutosha. Wazee wa ukoo wakakaa. Sitaeleza yaliyosemwa pale, isipokuwa kwamba baba alijibu kila swali mwenyewe na hakumtaja mwanawe, na nadhani hilo lilimuumiza kijana kuliko ambavyo lawama ingemuumiza.

Aliondoka akaenda machimbo ya dhahabu ya Buhemba. Neno analolirudia kila anapopiga simu ni kwamba Watanzania hawasomi.

Sikubaliani naye, na nalisema hili kwa uzito. Vitabu vile vya Musiba na Mtobwa vilivyomlea vilichakaa kwa mikono ya nani? Watu waliosogeza viti kusikiliza karatasi mbili za bibi wa chumvi walikuwa Watanzania wa palepale Nyambureti, wengi wao na elimu ya msingi. Walisikiliza kwa sababu kila sentensi ilikuwa imepita kwanza kwa mtu anayejua. Neno hili la kwamba watu hawasomi limekuwa kichaka cha waandishi wavivu, na linatukana wasomaji wasio na kosa. Upungufu wa maduka ya vitabu ni kweli, bei ya karatasi ni kweli, maktaba nyingi za vijijini ni rafu tupu. Lakini msomaji aliyefika ukurasa wa 23 akakutana na daraja lisilokuwepo, akafunga kitabu, huyo amesoma. Aliyeshindwa ni mwingine.

Kuna jambo la pili lililomponza, nalo halikuwa la haraka. Aliamini kwamba kwao hakuna kitu cha kuandikwa. Ng'ambo ya maji kutoka kwao, Ukerewe, Euphrase Kezilahabi alizaliwa katika kijiji cha Namagondo mwaka 1944, na alipoandika riwaya yake ya kwanza, "Rosa Mistika", iliyotoka 1971, aliianzia Namagondo hapohapo, kwenye nyumba ya baba mlevi na mabinti zake. Kitabu kikapigwa marufuku shuleni kwa ukali wa ukweli wake, baadaye kikarudi kufundishwa. Kabla yake, kisiwani humohumo, Aniceti Kitereza aliandika kwa Kikerewe habari za mume na mke wanaotafuta mtoto, pamoja na kilimo chao, pombe yao, uvuvi wao, dawa zao na adabu ya kumpokea mgeni. Mswada ulikamilika mwaka 1945. Hakupata mchapishaji wa kitabu kikubwa namna ile kwa lugha ya watu wachache. Akakaa nao. Akautafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House wakautoa mwaka 1980, miaka 35 tangu alipoumaliza. Alifariki mwaka uliofuata, nakala za kitabu zikiwa hazijamfikia mkononi. Simtakii mwandishi yeyote subira ya Kitereza. Ile ilikuwa dhuluma ya mazingira. Ninachomtakia ni jicho lake, lililoona kwamba namna mke anavyompakulia mkwe ugali ni jambo la kuandikwa kwa makini yaleyale ambayo wengine wanayaweka kwenye vita.

Na Mara haina uhaba. Msomi Jan Bender Shetler alikusanya historia ambazo watu wa kusini mwa mkoa huo waliandika wenyewe kuhusu makabila yao, zikatolewa kitabu kimoja Leiden, Uholanzi, mwaka 2003. Watu wa vijijini, kwa kalamu zao, waliona koo zao zinastahili karatasi. Kijana wetu alipita kwenye nyumba zenye habari kama hizo akiwaza hoteli ambayo hajawahi kuiona.

Kwa anayeandika sasa hivi, popote alipo, nina ya kumwambia kuhusu kazi ya mikono yenyewe. Ukimaliza rasimu, iweke. Wiki tatu, mwezi, mpaka sentensi zako zikutazame kama za mtu mwingine. Kisha isome kwa sauti, yote, na si kimoyomoyo kitandani. Ulimi unajikwaa pale jicho linapoteleza: "kutisha" ya pili katika sentensi moja utaisikia hata kama huioni. Weka daftari la pembeni la majina, umri, tarehe na nani yuko wapi kila sura, ndipo mfu hatafungua geti. Kila mahali unapoandika kivumishi cha kusifu, kama mkarimu, hatari, kifahari, simama ujiulize nini kilitokea kikamfanya mtu amwite hivyo, na kama unakijua, andika hicho. Ukarimu wa bibi haukumkumbusha mtu chochote. Chumvi na funguo za ghala zilimrudisha mzima.

Kuhusu wasomaji wa kwanza, chagua wawili au watatu, na usichague wanaokupenda tu. Mmoja awe anaijua lugha, mmoja awe analijua jambo lenyewe: nesi kama umeandika hospitali, mvuvi kama umeandika ziwa, dereva kama umeandika barabara. Usiwaulize kama ni nzuri. Watakuambia ni nzuri, ni watu wema. Waulize walichoka ukurasa gani, na wapi hawakuamini. Halafu funga mdomo. Mswada unaohitaji mwandishi akae pembeni kuueleza bado haujaandikwa.

Usimlipe mtu wa mashine kabla hujapita hapo. Peleka mswada kwa wachapishaji, na kwa mashindano. Ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023. Ipo Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanza kwa jina la Mabati-Cornell. Soma masharti yake yote, hasa ya idadi ya maneno na tarehe ya mwisho, na uyafuate bila kuomba huruma. Ukikataliwa, umekataliwa mswada huo, mwaka huo. Hujauza mtamba.

Nimesema dereva alikunja pembe za kurasa. Nyingi zilikuwa za makosa, lakini mbili zilikunjwa kwa ndani, tofauti na nyingine. Ni kurasa za 61 na 62. Mpelelezi, akimfukuza jambazi, anajikuta mbali na Dar es Salaam kabisa, kijiji kinachopakana na hifadhi, na analala juu ya dungu la kulindia mahindi. Kijana aliwahi kulinda shamba la mjomba wake jirani na Pori la Akiba la Ikorongo, na usiku ule alisahau kwamba anaandika riwaya ya kifahari. Aliandika kwamba tembo akija miguu yake huisikii. Unasikia bua moja likivunjika, kisha kimya, kisha tumbo lake likinguruma karibu kuliko ulivyodhani. Aliandika kwamba mjomba hakupiga debe mara moja, alisubiri kwanza ajue ni wangapi, kwa sababu ukimshtua mmoja nawe hujui waliko wenzake, wanaweza kukimbilia upande wa dungu. Hakuna neno "kutisha" katika kurasa zile mbili.

Dereva alizisoma mara mbili, akampelekea Mwalimu. Mwalimu alichukua nakala moja kati ya zile ambazo mchwa hawakuzifikia, akapiga mstari kutoka ukurasa wa kwanza mpaka wa 60, na mwingine kutoka 63 mpaka mwisho. Akamtumia kijana ujumbe kwa simu: aache Dar es Salaam, aanzie juu ya dungu, mjomba awe mtu mzima mwenye jina na deni na mke, na akija likizo amletee sura moja tu, waisome barazani, dereva akiwepo. Kijana alijibu baada ya siku nyingi, kwa swali: mjomba hapendi kuandikwa, itakuwaje? Mwalimu akamrudishia: kamuulize yeye.